Injini ya Gari la Kanisa Haijafa



Nianze na jibu, maana najua wengi wenu mnasubiri jibu na si hadithi. Injini haijafa. Tafadhali mtu asitume tena mchango wa kununua injini nyingine. Ile Corolla 110 nyeupe ya kanisa inawaka, inatulia, na juzi Jumanne imemleta mgonjwa hapa hospitali ya Banissa bila kuzima hata mara moja. Sasa nitaeleza ugonjwa ulikuwa nini na ulipatikanaje, kwa sababu mlitoa pesa zenu na mna haki ya kujua, na pia kwa sababu wengi wenu mnaendesha magari ya umri huo huo huko mliko.

Jumapili mtasikia Neno. Leo ni gari.

Kwa wasiojua mambo ya magari: injini inapowaka na hakuna mtu aliyekanyaga mafuta, inatakiwa ingurume yenyewe polepole, isizime na isipande. Mafundi wengine huita hali hiyo sailensi, na mimi nitatumia neno hilo. Injini nyingi za petroli za silinda nne, zikishapata moto, hukaa kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika. Hii yetu, ambayo ni 5A-FE ya sisi elfu moja na mia tano, hupenda kukaa karibu na 750. Kwa miezi mitatu haikukaa. Asubuhi ikiwa baridi ilikuwa sawa. Ikishapata moto, ukisimama, ilipanda mpaka 1,500, ikaanguka chini ya 1,000, ikapanda tena, kama kuna mtoto anacheza na pedali ya mafuta. Siku nyingine ilianguka na haikupanda tena. Ilizima.

Mlioishi huku hamhitaji kuelezwa kwa nini hatutaki gari linalozima njiani. Basi lililotoka Mandera liliposhambuliwa tarehe 22 Novemba 2014 na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu, wengi wenu mliondoka, na ndiyo maana tunakutana zaidi kwenye simu kuliko kwenye viti. Lakini hata bila jambo hilo, fikiria gari limezima katikati ya laga na wingu limetanda upande wa Ethiopia. Fikiria mama mwenye uchungu wa uzazi yuko kiti cha nyuma, mtandao hakuna, na lori linalofuata labda litapita kesho. Kwa hiyo suala la sailensi si suala la starehe.

Dada mmoja aliandika kwenye kundi kwamba tulikemee pepo la uharibifu linalofuatilia gari la kanisa. Dada yangu, tumeomba, na tutaendelea kuomba. Lakini mpira uliopasuka haukemewi, unabadilishwa.

Gari lilipelekwa kwanza kwa fundi wa mji mwingine, sitautaja. Aliwasha, akasikiliza dakika mbili, akasema ringi zimekwisha, tutafute injini ya kutoka Japani, shilingi 85,000 kabla ya nauli na kabla ya kazi. Wakati tunajadiliana, alichukua bisibisi akaizungusha skrubu ndogo inayozuia throtoli isifunge kabisa, ili injini ikae juu na isizime. Kweli haikuzima siku ile. Mbele utaona skrubu hiyo ilileta nini.

Ukiambiwa injini imekufa, jiulize mambo matatu kabla ya kupiga harambee. Je, inatoa moshi wa bluu? Je, inakula oili, yaani unaongeza mara kwa mara bila kuona inapovuja? Je, imepoteza nguvu mlimani? Injini yenye ringi mbovu itakujibu ndiyo kwa angalau moja ya hayo. Yetu ilijibu hapana kwa yote matatu. Ikiwa na watu watano na magunia ilipanda vizuri. Tabu yake ilikuwa moja tu, kusimama. Injini inayofanya kazi vizuri mbio na kuugua ikipumzika, mara nyingi shida yake ni hewa, na hewa hurekebishwa kwa pesa kidogo.

Hapa Banissa kuna mzee mmoja, fundi wa malori tangu zamani, ambaye hakusomea kompyuta lakini anasoma injini. Yeye ni Mwislamu wa hapa hapa, na anapolitengeneza gari la kanisa hulitengeneza kama la kwake. Alikuja Ijumaa iliyopita. Kwanza hakugusa kitu. Aliomba mambo mawili: tuzime redio, na vijana waache kumwambia anachopaswa kufanya.

Alianza na yale ya bure. Akatoa chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu mnalijua, ile laini kama unga wa ngano. Akalipiga chini, likatoa wingu, akalirudisha. Akatoa plagi nne moja moja akazipanga kwenye boneti. Zote zilikuwa na rangi moja ya kahawia, hakuna iliyolowa oili wala iliyojaa masizi. Akawasha, akachomoa kiunganishi cha nozeli moja ya petroli, injini ikatetemeka. Akarudisha, akachomoa ya pili, vivyo hivyo mpaka ya nne. Maana yake ni kwamba silinda zote nne zinachangia. Kama ungechomoa moja na injini isibadilike, basi hiyo ndiyo silinda mgonjwa. Hapo habari ya ringi ikaanza kupoteza nguvu.

Halafu akafanya kitu ambacho kimewashangaza vijana wetu wenye diploma. Magari haya ya Toyota ya miaka ya tisini yana kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti chenye vitundu vilivyoandikwa herufi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa lakini injini haijawaka, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa, na mipepeso hiyo ni namba. Huhitaji mashine. Mipepeso miwili, kituo, mipepeso miwili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya presha ya hewa kwenye manifodi. 41 ni sensa ya throtoli. Ikipepesa mfululizo bila kituo, kompyuta haijaona kosa. Yetu ilipepesa mfululizo.

Kijana mmoja akasema basi tatizo ni kompyuta yenyewe, tutafute nyingine Nairobi. Mzee akacheka. Kompyuta huripoti kile ambacho sensa zake zinaweza kuona tu. Kuna vitu vingi kwenye gari ambavyo havina sensa, na mpira wa hewa ni kimoja.

Hapa ndipo nataka uende polepole nami, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Injini ni pampu ya hewa. Pistoni zikishuka zinavuta, na mlango wa throtoli ukiwa umefungwa, kama unavyokuwa gari likisimama, ndani ya manifodi panabaki hewa kidogo sana, theluthi moja hivi ya presha ya hewa ya nje. Huo mvuto ni mkubwa, na waliotengeneza gari hawakuuacha upotee. Waliuunganisha kwa mipira na vitu vingine, na kikubwa kuliko vyote ni busta ya breki, lile dude jeusi la duara mbele ya dereva chini ya boneti. Busta hutumia mvuto huo kuusaidia mguu wako. Ndiyo maana unasimamisha gari zima kwa kukanyaga kidogo tu.

Sasa mpira mmojawapo ukipasuka, hewa inaingia kwenye manifodi bila kupita mlango wake. Kwenye gari letu sensa hupima presha ya ndani ya manifodi. Presha ikipanda, sensa humwambia kompyuta kwamba hewa imeongezeka, na kompyuta huongeza petroli. Mizunguko inapanda. Lakini kompyuta inajua pia kwamba throtoli imefungwa, hakuna aliyekanyaga, na mizunguko iko juu mno. Inakata petroli. Injini inaanguka. Ikianguka vya kutosha, petroli inarudishwa. Inapanda. Hiyo ndiyo ile panda-shuka tuliyoisikia miezi mitatu. Hakuna kilichochanganyikiwa pale. Kila mmoja alitenda sawasawa na habari alizopewa.

Kama gari lako ni jipya kidogo, mfano Probox, lina sensa inayopima hewa kwenye bomba baada ya chujio. Kwako dalili itakuwa tofauti: hewa ya wizi haihesabiwi, petroli haiongezwi, injini inakosa mafuta na kutetemeka au kuzima. Ugonjwa ni ule ule, kilio ni kingine.

Mzee alikata kipande cha mpira mrefu kama mkono, akaweka ncha moja sikioni, na ncha nyingine akaipitisha taratibu kando ya kila mpira na kila gasketi. Tulisimama kimya kama ibada ya mkesha saa tisa usiku. Alipofika nyuma ya manifodi alisimama. Akanipa nisikilize. Ssss, sauti nyembamba kama nyoka ndani ya kichaka. Akachukua koleo, akaufunga kitambaa mpira mnene unaotoka manifodi kwenda kwenye busta, akaubana.

Injini ikatulia pale pale.

"Pasta," akaniambia, "hii injini inapumua mahali si pake."

Kisha akamgeukia ndugu yetu anayeendesha gari, akamuuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakumuuliza: pedali ya breki ikoje siku hizi? Ndugu yetu akajibu kwamba imekuwa ngumu sana, na kwenye mteremko wa kuingia laga hukanyaga kwa nguvu zake zote.

Wapendwa, nilinyamaza. Sailensi ile ya kupanda na kushuka ilikuwa inatuambia habari za breki. Lau tungenunua injini ya shilingi 85,000 na kuufunga mpira ule ule wa zamani, tungekuwa na injini mpya na breki zisizosimamisha gari.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, kama gari lako liko nje, kafanye jaribio hili, halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Iache mguu wako ukiwa umeikandamiza, kisha washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, mvuto haufiki kwenye busta. La pili: gari likiwa kwenye sailensi, kanyaga breki ukisikiliza injini. Kama kila ukikanyaga mlio unabadilika sana na ukiachia unarudi, huenda busta yenyewe imetoboka ndani. Usiahirishe hilo mpaka mwisho wa mwezi. Na ujue pia kwamba injini ikizima ukiwa kwenye mwendo, kivalvu kilichoko kwenye mpira huo hutunza mvuto wa kukanyaga breki mara moja au mbili hivi. Usizitumie kwa kupapasa. Kanyaga mara moja, shikilia, simama. Kama lina usukani wa pawa utakuwa mzito, lakini utageuka.

Mpira wetu ulikuwa umepasuka chini kabisa ya klipu, mahali ambapo macho hayafiki. Raba hukauka kwa joto, na huku tuna joto juu na joto chini. Corolla hii ya 110 ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1995. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo kila 110 unayoiona barabarani imekaa kwetu miaka mingi sana. Mipira yake mingi ni mikubwa kwa umri kuliko vijana wa kwaya. Kijana akipanda gari lako la zamani na ukaona amebadilisha rimu na redio lakini hajabadilisha mipira, mpe pole.

Mzee akaenda kuswali adhuhuri, injini ikapoa. Aliporudi akakata ile ncha iliyopasuka, sentimita mbili tu, kwa kuwa mpira ulikuwa na urefu wa ziada, akauingiza tena na klipu mpya. Mtu akapendekeza tuweke mpira wa maji, upo dukani. Hapana. Mpira wa maji hutengenezwa kustahimili msukumo wa kutoka ndani; ukivutwa na injini hujikunja ukajiziba, na breki unazikosa hapo hapo. Tuliagiza mpira wenyewe wa busta kutoka barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ukaja na basi. Pamoja na nauli umetugharimu shilingi 1,900.

Lakini hatukumaliza siku ile, na sehemu hii ndiyo ingeweza kutupoteza. Baada ya mpira kufungwa, mzee alitaka kwanza kurudisha skrubu ya throtoli mahali pake. Skrubu ile hupangwa kiwandani. Ikizungushwa, throtoli haifungi kabisa, na kompyuta haipati habari kwamba dereva ameachia mafuta, kwa hiyo inaacha kuitunza sailensi. Akairudisha. Tukawasha. Injini ikashuka mpaka 500, ikatetemeka, ikazima.

Vijana wakaanza kuguna kwamba yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Mzee hakujibu, alifungua bomba la hewa akatuonyesha ndani ya throtoli. Palikuwa peusi, panang'aa, uchafu mzito wa vumbi lililochanganyika na mvuke wa oili, na ile njia ndogo ambayo hewa ya sailensi hupita ilikuwa imebaki kama tundu la sindano. Unaona? Njia halali ilikuwa imezibwa, na injini iliishi kwa hewa ya tundu la wizi. Tulipoziba tundu, kifo cha njia halali kikaonekana. Ugonjwa mmoja ulikuwa unauficha mwingine, na skrubu ikaficha yote mawili.

Alisafisha kwa dawa ya kabureta na kitambaa, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wakipuliza dawa hiyo kwenye injini ya moto ili kutafuta tundu. Inashika moto. Kama huna mpira wa kusikilizia, nyunyiza maji kidogo yenye sabuni kwenye maungio, mbali na nyaya za plagi, na utazame yanapovutwa. Kisha akachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau mazoea yake ya zamani, akairudisha. Tukawasha. Ikapanda, ikashuka, ikatafuta kidogo, ikakaa 750. Tukawasha taa kubwa na feni, ikayumba kidogo ikarudi. Mzee akachukua shilingi 1,500 na chai, akakataa zaidi.

Kuhusu pesa zenu. Zilizofika ni shilingi 31,400, na mweka hazina ametuma orodha kwenye kundi. Zimetumika 3,400. Aliyetoa kwa ajili ya injini na angependa zirudi, aniandikie mimi binafsi kabla ya Ijumaa, atarudishiwa bila swali lolote. Zitakazobaki, baraza linapendekeza zinunue mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000 na hatuna kumbukumbu ya mara ya mwisho, pamoja na matairi mawili ya mbele. Mwenye maoni tofauti aseme sasa.

Na mama mchungaji wa Mwingi aliyeuliza kuhusu Probox yake inayotetemeka akiwasha AC: mama, usinunue koili kwanza. Mwambie fundi akague throtoli na bomba linalotoka kwenye chujio, hasa ile sehemu yenye mikunjo, aikunjue kwa mikono na kutazama kama imepasuka ndani ya mkunjo. Kisha unirekodie video fupi ya dashibodi, injini ikiwa imepata moto, AC ikiwa imezimwa halafu ikiwashwa. Nitamwonyesha mzee kesho baada ya alasiri.